Kitabu Kimwendee Msomaji

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Halmashauri imetuagiza sisi tulio katika ofisi ya Chama tuseme maneno machache juu ya jambo la vitabu, ambalo katika orodha ya shughuli za leo limewekwa la sita, baada ya hesabu za fedha na kabla ya chai. Twashukuru kwa heshima hiyo. Twajua ya kuwa wengi wenu mmeondoka nyumbani tangu alfajiri, na ya kuwa jambo lililowekwa kabla ya chai halipewi masikio mengi. Tutasema kwa ufupi kadiri tuwezavyo, lakini si kwa ufupi hata jambo lenyewe likapotea.

Jambo lenyewe ni hili. Katika mwaka uliopita Chama kiliweka akiba fedha kidogo kwa ajili ya vitabu. Walio wengi katika Halmashauri wamependelea fedha hizo zitumiwe kukodi chumba kimoja pale sokoni, kiwekwe meza, viti, taa na kabati la vitabu, na juu ya mlango paandikwe jina la Chama. Wengine, nasi tukiwa miongoni mwao, twaona ya kuwa chumba hicho kitawafaa hasa wale wakaao sokoni, yaani sisi makarani, walimu na wenye maduka, ambao hata sasa hatukosi gazeti la kusoma. Mama akaaye ng'ambo ya mto, mwenye watoto watano na ng'ombe wawili, hatakiona chumba hicho ila siku ya soko. Na siku hiyo amebeba mzigo, tena ana haraka ya kurudi kabla mvua haijafunga njia. Naye hulipa ada ya Chama sawasawa na sisi.

Basi kabla Mkutano haujakata shauri, twaomba ruhusa tuwasimulie habari za watu wa mbali waliopatwa na shida kama hii yetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hatuwasimulii kwa sababu ni watu wa ng'ambo, kana kwamba kila lililotoka ng'ambo ni jema. Twawasimulia kwa sababu walijaribu njia tatu, moja baada ya nyingine, na mambo waliyoyaona yaliandikwa.

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Maryland, mna wilaya iitwayo Washington County. Mtu asiichanganye na mji mkuu wa nchi hiyo, kwa kuwa jina ni moja lakini mahali ni mbalimbali. Mji mkubwa wa wilaya hiyo ni Hagerstown. Hesabu ya watu ya mwaka 1900 ilionyesha wilaya nzima ina watu kiasi cha 45,000, na katika hao wasiozidi 14,000 ndio waliokaa mjini. Waliosalia walikuwa wakulima na watu wa vijiji vidogo, waliotawanyika katika mabonde na vilima, na barabara zao zilikuwa za udongo na mawe.

Mwaka 1901 maktaba ilifunguliwa mjini Hagerstown. Tangu mwanzo ilitangazwa kuwa ni mali ya wilaya nzima na wala si ya mji peke yake, na kila mwenyeji aliruhusiwa kuazima bila ya malipo. Msimamizi wake aliitwa Bibi Mary Titcomb. Sasa, mabwana, maktaba nyingi duniani zimetangazwa kuwa ni za watu wote, na aliyezisimamia akaketi nyuma ya meza akingoja watu wote waje. Bibi huyu hakungoja. Aliona ya kuwa mkulima aliye maili kumi na tano kutoka mjini ana haki ya maktaba ile katika maandishi tu, kama mtu aliyerithi shamba asiloweza kulifikia.

Akaanza kwa masanduku. Sanduku la mbao lilijazwa makumi ya vitabu, likapelekwa mahali ambapo watu wa kijiji hupita kwa shughuli zao za kila siku, penye duka au posta. Mwenye mahali pale alikubali kuvitunza na kuviazimisha. Vitabu vikiisha kusomwa, sanduku lilirudishwa mjini na kujazwa vingine. Vituo hivyo viliongezeka mpaka vikafika 66. Twaomba mwiangalie hesabu hiyo tena: sitini na sita, katika wilaya moja, na kila kimoja hakikuhitaji jengo wala mlinzi wala taa, ila pembe moja ya duka na mtu mmoja mwaminifu.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Angeandika katika taarifa yake ya mwaka kwamba kazi imekamilika, naye angesifiwa. Walakini Bibi Titcomb aliendelea kujiuliza kama vitabu vimewafikia kweli watu wote aliokusudia. Kwa maana dukani huenda nani? Huenda yule mwenye cha kununua na mwenye nafasi ya kwenda. Aliye na nyumba peke yake mwisho wa njia, mwanamke asiyeweza kuacha watoto, mzee asiyeweza kutembea, hao sanduku haliwafikii. Limefika jirani tu. Hapa twafikiri ndipo penye akili ya kazi yake yote. Alipokwisha kufanikiwa, hakuhesabu waliopata, alitafuta waliokosa.

Ndipo akapata shauri la gari. Lilitengenezwa gari la kukokotwa na farasi wawili, likaanza safari mwaka 1905. Umbo lake lilikuwa kama gari la mwenye duka apelekaye vyakula majumbani, likichanganywa na mkokoteni wa wale wachuuzi wa zamani wauzao vyombo vya bati. Ubavuni, kwa nje, lilikuwa na rafu zenye milango, zikichukua vitabu kama 200, hata mtu akisimama kando ya njia aliweza kuviona migongo yake na kuchagua kwa mkono wake mwenyewe. Ndani, katikati, palikuwa na nafasi ya kupakia yale masanduku ya vituo. Kwa hiyo gari halikuyafuta masanduku, bali lilifanya kazi mbili kwa safari moja.

Si haki kusema lilikuwa gari la kwanza la namna hii duniani. Mji wa Warrington, katika Uingereza, ulikuwa na gari la vitabu la farasi tangu mwaka 1858. Lakini katika Marekani gari la Hagerstown ndilo linalotajwa kuwa la kwanza, na mengi yaliyofuata yaliigwa kwake.

Mwendesha gari aliitwa Bwana Joshua Thomas. Hakuwa mtu wa vyeo. Alikuwa mtunzaji wa jengo la maktaba, yule afagiaye na kufungua milango asubuhi. Lakini kabla ya hapo alikuwa amezunguka wilaya kwa miaka mingi akinunua mazao ya wakulima, kwa hiyo alizijua njia, alizijua nyumba, alijua ni mlango gani mtu hubisha hodi na ni ua upi una mbwa mkali. Wakulima nao walimjua. Twaona ya kuwa katika habari yote hii hakuna jambo linalotuhusu sisi zaidi ya hili. Maktaba ingeweza kumpeleka kijana aliyesoma sana, mwenye kola nyeupe, awaambie watu faida za elimu. (Twasema hivi nasi wenyewe tumevaa kola leo.) Ikampeleka mtu ambaye mkulima akimwona hukumbuka biashara njema waliyofanya zamani, akasimamisha jembe lake, wakaulizana habari za mvua na za wagonjwa, na baada ya hayo ndipo kitabu kikatoka katika rafu.

Bibi Titcomb mwenyewe alilijua jambo hilo. Alitaka gari lisiende kwa haraka, na mwenye gari awe na subira ya kuzungumza, kwa kuwa mtu hachagui kitabu kama achukuavyo barua kutoka kwa tarishi. Kwa miezi sita ya kwanza gari lilifanya safari 31, na kila safari kwa wastani ilikuwa ya maili 30. Jumla yake ni maili zaidi ya 900. Ukienda Nairobi hadi Mombasa mara tatu hujazidi mwendo huo, na farasi wale waliukwenda hatua kwa hatua, wakisimama penye kila lango.

Yaliwapata pia mambo ya kuchekesha. Gari lilipotoka kwa fundi lilikuwa na rangi nyeusi nyeusi ya heshima. Mkulima mmoja alipoliona linakaribia nyumba yake alipiga kelele akalikataza lisisimame, akidhani ni gari la kuchukulia maiti, naye kwake hapakuwa na maiti. Maktaba haikumlaumu mkulima kwa ujinga. Ilipaka magurudumu rangi nyekundu, na milango ikapakwa vivyo hivyo, ikawa mtu akiliona kwa mbali haogopi. Nasi twajua jinsi gari geni linavyopokewa katika vijiji vyetu. Likionekana linapanda kilima, watoto hukimbia nyuma ya nyumba, na wakubwa huanza kukumbuka wanadaiwa nini na nani. Basi anayetaka kupeleka vitabu majumbani kwanza afikirie ataonekanaje kwa yule anayemtazama kutoka mlangoni.

Mwezi wa Agosti mwaka 1910 garimoshi la mizigo liliigonga ile gari penye kivuko cha reli mahali paitwapo St. James, nayo ikavunjika vipande vipande. Mwendeshaji alinusurika. Kwa muda, watu wa mashambani wakakosa vitabu vya kuletewa mlangoni, na wangeweza kuambiwa kwamba yaliyotokea ni mapenzi ya Mungu na kwamba sasa waje mjini. Haikuwa hivyo. Mwaka 1912 maktaba ilipata motakaa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na huduma ikaendelea. Yule Bibi alifariki mwaka 1932, na wakati huo magari ya vitabu yalikuwa yakienda katika majimbo mengi ya nchi yake.

Tumesema ya kutosha juu ya Marekani. Huenda mzee mmoja akauliza: Je, hayo yamepata kufanyika kwetu? Yamefanyika, naye ana haki ya kujua.

Hapo Nairobi, mwaka 1931, ilifunguliwa Maktaba ya McMillan, jengo zuri la nguzo za mawe ambalo wengi wenu mmeliona. Kwa miaka mingi baada ya kufunguliwa, Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Wazee waliopita mbele ya ngazi zile wakiwa vijana, na vitabu viko ndani, hawahitaji kufundishwa na sisi ni jambo gani kuwa na maktaba isiyokuwa yako. Mwaka 1948 ikaundwa East African Literature Bureau, chini ya uongozi wa Bwana Charles Richards. Kazi yake moja ilikuwa kuchapisha vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika ya Mashariki. Kazi yake nyingine, isiyokumbukwa sana, ilikuwa kuvifikisha kwa wasomaji. Ilipeleka masanduku ya vitabu katika sehemu za nchi, na mtu aliyekaa mbali aliweza kuazima kwa njia ya posta. Baada ya Uhuru, Sheria ya mwaka 1965 iliunda Bodi ya Maktaba ya Taifa ili kazi ya maktaba iwe ya nchi nzima. Na mwaka 1996 Bodi hiyo ilianza jambo huko Garissa ambalo Bibi wa Hagerstown angelifurahia: ngamia watatu, wakichukua masanduku ya vitabu na hema ya kusomea chini yake, waliwafuata wafugaji wahamao na mifugo yao, mahali ambapo gari lingezama katika mchanga. Watu wa Garissa hawakungoja barabara. Waliangalia ni mnyama gani aliyekwisha kuizoea njia, wakampakia.

Sasa turudi kwetu, kwenye fedha zetu na chumba cha sokoni.

Tumesikia hoja tatu zikisemwa dhidi ya masanduku, nasi twapenda kuzijibu kwa adabu. Ya kwanza ni kwamba vitabu vitapotea. Ni kweli, vingine vitapotea. Vingine vitaliwa na mchwa, vingine vitalowa maji, na kimoja au viwili vitakaa kwa mtu mkubwa ambaye hakuna atakayethubutu kumwomba avirudishe. Lakini kitabu kilichofungiwa katika kabati la sokoni, asikiguse mtu mwaka mzima, hicho nacho kimepotea, ila kimepotea kwa usafi. Daftari likiandikwa vema, jina la mwazimaji, tarehe, na jina la kitabu, hasara itajulikana na itapimwa. Kuandika daftari ni kazi yetu makarani, hatutaiogopa.

Hoja ya pili ni kwamba vijana wana simu zao, na humo wanasoma wapendavyo. Hatubishani nayo sana. Simu ina faida zake, na hotuba hii isingalimalizika kwa wakati kama si simu ya mwenzetu mmoja. Lakini simu ya nyumba ni ya baba au ya kaka mkubwa, na inapokuwa nyumbani betri imekwisha au fedha za kuijaza hazipo. Mtoto wa darasa la tatu anayejifunza kuunganisha silabi ahitaji kitu kitakachokaa juu ya mkeka jioni nzima, asinyang'anywe. Na nyanya yake asiyejua kusoma ahitaji mtoto huyo amsomee kwa sauti. Tumeona nyumba ambamo kitabu kimoja cha hadithi kilisomwa na mtu mmoja kikasikilizwa na watu saba.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni hii: vitabu gani? Twakiri ya kuwa masanduku yanaweza kujazwa takataka. Mara nyingi vitabu vya sadaka hufika vikiwa ni vile ambavyo wenye navyo walitaka kuviondoa: habari za theluji na farasi wa mbio, vitabu vya sheria vya nchi nyingine, nusu ya kamusi. Mtu akiletewa hivyo mara mbili, mara ya tatu hafungui mlango. Fedha zetu ni kidogo, lakini zatosha kununua vitabu vya Kiswahili na vya lugha yetu vilivyo vipya: hadithi za watoto zenye maandishi makubwa, mashairi, habari za ukulima na ufugaji, afya ya mama na mtoto, na mambo ya sheria za ardhi, ambayo twajua yatasomwa hata na wasemao hawapendi kusoma. Afadhali vitabu arobaini vilivyochaguliwa kuliko mia nne vilivyotupwa.

Kwa hayo yote, twaomba Mkutano ufikirie mambo yafuatayo badala ya chumba. Chama kitengeneze masanduku manne ya mbao yenye kufuli. Yawekwe katika sehemu nne zilizo mbali na soko, kila moja kwa mtu aliye na mahali ambapo watu hupita: mwenye duka, mwenye kinu cha kusagia mahindi, au penye kituo cha kukusanyia maziwa. Kila baada ya miezi mitatu masanduku yabadilishane, yaliyosomwa huku yaende kule. Gari tusinunue, hatuna uwezo, wala si wakati wake. Lakini, kwa kuwa tumejifunza kwa Bibi Titcomb ya kwamba sanduku huishia dukani, twapendekeza Chama kimlipe posho ndogo mtu mmoja katika kila sehemu, mara mbili kwa mwezi, achukue vitabu kumi au kumi na vitano katika mfuko na kuvipeleka katika nyumba zile ambazo sanduku halizifikii. Si lazima awe amesoma sana. Awe ajuaye kusoma jina lililo juu ya jalada, na zaidi ya hapo awe mtu ambaye akibisha hodi hufunguliwa. Pengine ni yule mwenye pikipiki achukuaye maziwa asubuhi na kurudi na vyombo vitupu. Pengine ni mama wa kikundi cha akiba, apitaye nyumba kwa nyumba kukusanya michango, na ambaye anajua nyumba zote kuliko sisi wenye daftari.

Wakisema wengi kwamba chumba cha sokoni kwanza, sisi tutakitunza kwa moyo, na kila jioni taa itawashwa. Lakini twaomba kabla ya kupiga kura kila mwanachama afikirie nyumba moja katika sehemu yake iliyo mbali kupita zote, aitaje kwa jina moyoni mwake, kisha ahesabu ni mara ngapi kwa mwaka mtu wa nyumba ile angefika katika chumba hicho.

Fundi seremala ametuandikia bei ya sanduku moja la mbao za mvule na la mbao za msonobari, na karatasi yake iko mezani kwa Mweka Hazina. Sehemu zitakazotaka sanduku zimletee Katibu jina la mtu atakayelitunza, na jina la atakayetembeza vitabu, kabla ya mwisho wa mwezi huu.